Somo: Baruti tatu za "4350" kwenye .30-06 (aina ya risasi ya bunduki ya kuwindia) na namna ya kuzilinganisha

Wakuu, kila msimu wa kuwinda unapokaribia kule Marekani na Kanada, wanaojaza risasi wenyewe huuliza hivi: "H4350 imeadimika dukani, nimepata IMR 4350. Kipimo ni kile kile?" Hapana. 4350 ni jina la ukoo tu. H4350 inatengenezwa Australia na kuuzwa na Hodgdon, IMR ilianzia DuPont, na Accurate wana yao. Zote huungua polepole kwa kukaribiana, lakini punje zake na namna zinavyopokea joto ni tofauti. Jedwali la kasi ya kuungua hukuonyesha ipi iko mbele ya ipi, halikuambii imeizidi kwa kiasi gani.

Zipo zinazofanana kweli. Baruti nyingine ya Hodgdon, H4831SC, ni H4831 iliyokatwa fupi, na vipimo vyake ni vilevile. Lakini hilo unalisoma kwa mtengenezaji. Usilikisie kwa kufanana majina.

1. Vingine vyote visibadilike. Kichwa cha risasi kiwe kimoja, tuseme cha greini 180 (greini ni kipimo cha uzito). Maganda yawe ya chapa moja, yaliyofyatuliwa idadi sawa ya mara, na fataki (kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda) ziwe za aina moja. Ganda la .30-06 likizidi inchi 2.494, likate hadi 2.484. Ganda refu hubanwa mdomo na chemba, kichwa kinachelewa kuachia, presha inapanda, nawe utailaumu baruti bure.

2. Kopo moja tu mezani. Zote tatu ni vijiti vya kijivu. Ukishazichanganya, hakuna jicho litakalozitenganisha.

3. Kila baruti na jedwali lake. Chukua kipimo cha mwisho cha kitabu cha vipimo vya kujazia, punguza asilimia 10, anzia hapo. Mfano wa hesabu tu: mwisho ukiwa 50.0, unaanza na 45.0. Panda nusu greini kila hatua. Greini moja haifiki miligramu 65, kwa hiyo ihakiki mizani kwa jiwe lake la kupimia kila unapoanza kazi.

4. Kujaza. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Vijiti virefu hukwama kwenye shingo ya kimiminio (chombo cha kugawia baruti kwa ujazo): ganda hili linapungukiwa, linalofuata linapokea lake na deni la mwenzake. Weka kimiminio kitoe pungufu kwa greini moja, kisha malizia juu ya mizani punje kwa punje. Kabla ya kukandamiza vichwa, panga maganda kwenye ubao na umulike tochi ndani ya kila moja. Kina kiwe sawa kote. Lililo tofauti, mwaga upime upya.

5. Kufyatua. Risasi tatu kwa kila hatua, kutoka chini kwenda juu, mbele ya kipima kasi. Simama ukiona bolti (komeo la bunduki) inainuka kwa shida, kitako cha ganda kina alama inayong'aa, au fataki imetoboka. Ila dalili hizi huchelewa. Kikomo cha presha cha .30-06 ni psi 60,000 (ratili kwa kila inchi ya mraba), na bolti inaweza kuinuka vizuri tu huku umeshakivuka. Kipima kasi ndicho kinachowahi kukuonya: ukifikia kasi ya juu ya kitabu kabla ya kufikia greini zake, umefika mwisho. Kasi ya ziada imelipiwa kwa presha.

6. Kulinganisha. Linganisha kwenye kasi sawa, siyo greini sawa. Kama zote tatu zinafika futi 2,650 kwa sekunde ndani ya vipimo vyake, piga risasi kumi za kila moja hapo. Tatu hazitoshi kusema ipi inalenga vizuri. Rudia asubuhi ya baridi na mchana wa jua. Inayoyumba kasi kidogo ndiyo ya kuwindia.

MASWALI

*Mkuu, vitabu viwili, baruti ile ile, vipimo tofauti. Nifuate kipi?*
Mitutu, vichwa na fataki walizojaribia havikuwa sawa. Anza na kile cha chini.

*Nina robo ya kopo la zamani. Nimimine kwenye jipya la jina hilo hilo?*
Usimimine. Bechi hutofautiana. Bechi mpya ianze chini tena. Na la zamani likitoa harufu kali ya asidi au moshi wa rangi ya kutu, halifai kabisa.

*Naongoza wageni wa kuwinda Tanzania. Mmoja amejaza risasi zake Minnesota mwezi wa Januari. Kuna tatizo?*
Linaweza kuwepo. Kipimo kilichofika ukomo kwenye barafu kinaweza kuvuka ukomo kwenye joto la nyuzi 35. Mwulize alijaribia joto gani. Risasi zikae kivulini, si kwenye dashibodi, na isiachwe risasi ndani ya chemba iliyopata moto.

*Kijana wangu anaogopa teke la bunduki. Nishushe IMR 4350 kwa asilimia 30?*
Usifanye hivyo. Baruti ya polepole iliyojaa nusu ganda huwaka ovyo, na presha yake haitabiriki. Kwa kazi hiyo tumia H4895, baruti nyingine ya Hodgdon: wenyewe wanaruhusu kushuka hadi asilimia 60 ya kipimo chake cha mwisho.