Beseni la mahindi yenye joto kwa watoto wa chekechea

Juni na Julai huku Mbeya na Njombe baridi ni kali, watoto hawataki kuchezea maji wala udongo. Anika mahindi makavu kwenye mkeka juani mpaka yapate joto, kisha yamimine kwenye beseni pamoja na magunzi, vikombe na kijiko. Punje hutunza joto kwa muda, vidole havifi ganzi, na mtoto huzamisha mikono hadi viwiko akisikiliza zinavyodondoka kikombeni. Siku ya mawingu haifai. Na tafadhali, yasiwe yaliyotiwa dawa ya kuhifadhia, hata kama umeyaosha. Walio chini ya miaka 3 wape magunzi tu, tena ukiwepo. Punje huishia puani. Yakishachezewa, wape kuku.