Kuona stomata kwa rangi ya kucha

Kwa walimu wa sayansi wa sekondari msingi ambao shule zao zina hadubini moja tu: acheni kuhangaika kuchuna ngozi ya jani ili kuona stomata, yaani vitundu vidogo ambavyo jani hupitishia hewa. Paka rangi ya kucha, ile angavu kama kioo, upande wa chini wa jani bichi la spinachi. Iwe tabaka jembamba, la ukubwa wa ukucha. Ngoja kama dakika 15 ikauke kabisa, bandika selotepu juu yake, ivute polepole, kisha ibandike kwenye slaidi. Anzia lenzi ndogo.

Jani zima ni nene, mwanga haupiti vizuri. Rangi hiyo hunakili umbo la ngozi ya jani kwa utando mwembamba, kwa hiyo vitundu vinaonekana wazi pamoja na zile seli mbili zinazokilinda kila kimoja. Kila mwanafunzi anatengeneza slaidi yake wakati wengine wanasubiri zamu, na zinakaa muda mrefu bila kuoza. Wapake upande wa juu pia, wahesabu vitundu, walinganishe.

Majani ya malenge yatawaangusha, kwa sababu vinyweleo huzuia rangi kugusa ngozi. Jani lenye maji pia halifai. Mboga iliyonyunyiziwa na mama mboga ipanguse kwanza. Usitarajie kuona kijani ndani ya seli, maana hiyo ni chapa tu, seli zenyewe zimebaki kwenye jani. Na fungueni madirisha, harufu yake ni kali.