Kuzibua kichwa cha printa ya picha bila kukiharibu

Uso wa mteja ukitoka wa kijani, au pazia la nyuma yake likachorwa mistari myembamba inayokwenda sambamba kutoka ukingo mmoja wa picha hadi mwingine, wengi wetu tulio na studio hukimbilia amri ya kusafisha kichwa na kuirudia mpaka wino unakaribia kwisha. Ningeshauri mkono usubiri kidogo. Tangu nianze kuchapa picha hapa Arua, vichwa nilivyoona vikifa kwa kusafishwa vibaya ni vingi kuliko vilivyokufa kwa wino kukauka, na kimoja kati ya hivyo nilikiua mwenyewe.

Kichwa ni kile kipande kinachokwenda na kurudi juu ya karatasi kikirusha wino. Wino hutoka kwenye vitundu vyake vyembamba kuliko unywele wa binadamu, vilivyopangwa kwa safu kulingana na rangi. Printa za Epson, ambazo studio nyingi huzipenda kwa sababu ya matangi yake ya wino, husukuma wino kwa vipande vidogo vinavyojikunja vinapopata umeme, na kichwa chake kimefungwa ndani ya mashine kikitarajiwa kudumu nayo. Canon na HP hutumia joto linalochemsha wino kidogo hadi utoe povu na kurusha tone, na katika modeli zao nyingi kichwa huchomoleka, au kimo kwenye katriji yenyewe. Mwenye katriji ya namna hiyo hana haja ya kuhangaika sana, kwa kuwa ataifuta kwa kitambaa chenye unyevu na ikishindikana atanunua nyingine. Maelezo yanayofuata yanamhusu zaidi mwenye kichwa cha kudumu, ambacho bei yake mara nyingi huikaribia bei ya printa nzima.

Anza kwa kuchapa ukurasa wa kukagua vitundu, kwenye karatasi ya kawaida na si ya picha. Amri yake imo kwenye programu ya printa ndani ya kompyuta. Kila rangi itachora mistari yake, na pale ambapo mstari umekatika pana kitundu kisichotoa wino. Njano husumbua macho juu ya karatasi nyeupe. Iangalie chini ya mwanga wa buluu, na mistari yake itaonekana myeusi. Uso wa kijani niliouanza nao humaanisha majenta, yaani ile rangi ya waridi iliyokolea, imepungua, kwa sababu njano na samawati zikibaki peke yake huzaa kijani. Ikiwa njano ndiyo iliyokosekana, ngozi huelekea buluu na zambarau, na samawati ikikosekana kila kitu huwa chekundu.

Kisha chapa ukurasa wa pili wa ukaguzi, uuweke kando ya wa kwanza. Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayotenganisha magonjwa mawili yenye dalili moja. Mapengo yakiwa palepale katika kurasa zote mbili, wino umekauka ndani ya vitundu hivyo. Mapengo yakihamahama, au mistari ikianza vizuri na kufifia, tatizo ni hewa kwenye mirija au wino usiofika, na hapo hakuna maji ya kuzibulia yatakayosaidia. Angalia kama tangi limeshuka chini ya alama ya chini kabisa, kama tundu la hewa la tangi limefunikwa, na, kwa modeli zenye kifungo cha kufunga wino wakati wa kusafirisha, kama aliyeileta kutoka Kampala alikumbuka kukifungua. Rekebisha hayo, uiache printa itulie usiku mzima, halafu ukague tena.

Kama ni wino uliokauka, tumia amri ya kusafisha kichwa, lakini isizidi mara 3, na baada ya kila mara chapa ukurasa wa ukaguzi. Mapengo yakipungua, hata kidogo, acha kusafisha na badala yake chapa ukurasa mmoja au miwili iliyojaa rangi ile ile inayosumbua; kwa njia hiyo unatumia wino wa rangi moja tu, ilhali amri ya kusafisha kwa kawaida hufyonza rangi zote. Mapengo yasipopungua, zima printa na uiache kwa muda wa saa 12, kwa kuwa wino mbichi uliovutwa huendelea kulainisha ule mkavu. Kila usafishaji humwaga wino kwenye sponji iliyo chini ya mashine, na printa hulihesabu tone kwa tone. Hesabu ikifika mwisho hukataa kuchapa hadi sponji ibadilishwe.

Subira ikishindwa, ni zamu ya kuloweka. Unahitaji maji yasiyo na madini. Maji ya bomba hayafai, na ya kisima cha pampu ni mabaya zaidi, kwani chokaa yake huziba vitundu upya; kuyachemsha hakuiondoi yote. Maji ya kuongezea betri yanafaa, mradi uhakikishe chupa uliyopewa si ya asidi, maana duka moja huuza zote mbili. Mimi hununua kwenye duka la dawa vichupa vya maji safi ya kuchanganyia dawa za sindano, pamoja na bomba la sindano lisilo na sindano. Petroli, spiriti ya taa, dawa ya kufuta rangi ya kucha na dawa ya kusafishia vioo yenye amonia viache kabisa, kwani huweza kulegeza gundi iliyoshikanisha kichwa. Maji matupu huyeyusha wino wa kawaida wa picha. Ukitumia wino wa chembechembe, tafuta maji maalumu ya kuusafisha, kwa sababu chembe hizo haziyeyuki.

Anza kuchapa ukurasa wowote, na kichwa kikifika katikati chomoa waya wa umeme. Katika maisha yote ya printa, hii ndiyo mara pekee ninayoruhusu kitendo hicho. Sasa kichwa kitasogea kwa mkono bila kulazimishwa. Upande kinapoegeshwa pana kifuniko cha mpira chenye sponji ndani, na kando yake ulimi mdogo wa mpira unaopangusa kichwa. Vifute vyote viwili, kwa kuwa mara nyingi uchafu ulioganda kwenye kifuniko humfanya mtu akilaumu kichwa kisicho na kosa: hewa ikipenya pembeni, pampu haivuti wino hata ukisafisha mara 20. Jaza kifuniko kwa matone ya maji hadi karibu na ukingo, rudisha kichwa juu yake, na uache hadi asubuhi. Kwa kizibo kigumu zaidi, kunja karatasi laini isiyoacha nyuzi, ilowanishe, ilaze chini ya njia ya kichwa, ukisogeze juu yake na ukiache saa chache; alama za rangi utakazozikuta zitakuonyesha safu zilizofunguka. Usiisugue chini ya kichwa. Ukimaliza, toa karatasi, washa printa, na usafishe mara moja tu.

Wapo wanaoendelea mbele zaidi, wakaunganisha bomba la sindano kwa mrija mdogo wa mpira na kusukuma maji kupitia kichwa. Hapo ndipo nilipokosea. Ilikuwa siku ya kukabidhi picha za harusi, nikasukuma kwa nguvu kwa sababu maji yalikuwa yamegoma, na ghafla yakapita yote kwa wepesi wa ajabu. Nilifurahi kwa dakika moja. Ukurasa uliofuata ulionyesha majenta na samawati zikichanganyika, kwa kuwa utando wa ndani ulikuwa umepasuka. Ukilazimika kufanya hivyo, tumia maji vuguvugu, sukuma mililita 2 au 3 polepole sana, na bomba likikataa lisilazimishwe. Tone lolote likigusa waya bapa wa kichwa au maungio yake, usiwashe umeme hadi pakauke kabisa, la sivyo utaunguza kichwa pamoja na bodi kuu. Na kama maji yanapita vizuri lakini rangi nzima bado haionekani kwenye ukaguzi, huenda kilichoungua ni umeme wa kichwa, na kazi hiyo ni ya fundi.

Kaskazini mwa Uganda tatizo hili huja zaidi kuanzia Desemba hadi Machi, hewa inapokauka na vumbi kuingia hata penye pazia. Funika printa kwa kitambaa, iweke mbali na feni, usichanganye katika tangi moja wino wa aina mbili, na kila wiki chapa picha moja ndogo yenye rangi zote. Izime kwa kitufe chake, usiizimie ukutani, kwa sababu kitufe hukipa kichwa nafasi ya kurudi chini ya kifuniko. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa hubaki wazi, na hapo ndipo kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme hulipa gharama yake. Usiye nacho, umeme ukirudi washa printa kwanza, hata kama ulikuwa umeshaanza kufunga mlango, usikilize kichwa kikienda hadi mahali pake, ndipo uizime.