Pesa ya shamba la misonobari imeliwa: ni jinai au ni madai?

Wengi wetu tulio nje tunatuma pesa Mufindi kununua shamba la misonobari, au Njombe kwa ajili ya parachichi, na msimamizi ni kaka au shemeji. Ukisikia shamba halipo, neno la kwanza ni "kaniibia, akamatwe!" Naomba usubiri kidogo.

Jinai kwa kawaida inasimama juu ya kitendo na nia ovu, na viwili hivyo vikutane. Kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu, sheria ya makosa ya jinai ya Tanzania, kinamtaka mwizi awe amechukua mali kwa ulaghai, bila dai la haki, yaani bila kuamini kwa dhati kwamba ni haki yake. Kaka aliyepanda miche ikaungua kiangazi hajaiba, hata kama alikuficha kwa aibu. Shemeji uliyemkopesha mtaji wa mbao akashindwa kulipa ni mdaiwa wako. Hayo ni madai, polisi hawahusiki.

Lakini aliyepokea pesa kwa maelekezo ya kununua shamba, akajengea nyumba yake Uyole huku akikutumia picha za shamba la jirani? Huo unaitwa wizi wa kuaminiwa, kifungu cha 273. Zile picha ndizo zinazomfunga. Nia haionekani kwa macho, kwa hiyo hakimu anaitafuta katika alichosema mtu, alichoficha na alichofanya baada ya pesa kuingia.

Ndiyo maana nasisitiza: kila unapotuma, andika kazi ya pesa hiyo. "Kaka, hizi ni za ekari mbili za Mafinga" inakusaidia. "Pokea za mambo yetu" haikusaidii kitu. Mkizungumza kwa simu, mtumie ujumbe wa mlichokubaliana. Usifute chochote. Sheria inatambua ushahidi wa kielektroniki, na upande wa mashtaka lazima uthibitishe kosa pasipo kuacha shaka ya msingi.

Jambo jingine linaumiza familia. Kesi ya jinai ikifika mahakamani ni ya Jamhuri, yaani serikali ndiyo inayoshtaki, wewe ni shahidi tu. Mama akikulilia kutoka Iringa umwachie mdogo wako, huenda huna tena uwezo wa kuifuta. Kaeni kikao cha ukoo kabla ya kwenda kituoni.

Na ukirudi Desemba ukute shamba lina mtu mwingine, usiingie na vijana wenye mapanga. Kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu kinamkinga anayeamini kwa dhati kwamba mali ni yake. Hakimkingi aliyempiga mtu. Mgogoro wa umiliki upeleke Baraza la Ardhi na Nyumba la wilaya.