Ukitaka leseni, jifunze udereva uive kwanza

Kwa wanaoulizia shule ya udereva hapa Bongo, kabla hujalipa ada nenda kaangalie gari lenyewe, la kufundishia linatakiwa liwe na breki upande wa mwalimu pia, kama halina ondoka tu. Halafu uliza utaendesha barabarani kwa muda gani, maana kuna shule zinakuzungusha uwanjani afu wanasema umeiva, wakati hujawahi hata kuingia raundiabauti yenye daladala.

Ukishapata lena, yaani leseni ya kujifunzia, mng'ang'anie mwalimu akupeleke mlimani. Simamisha gari kwenye mwinuko, vuta handibreki, weka gia namba moja, achia klachi taratibu mpaka uhisi gari linatetemeka na pua inanyanyuka, ongeza moto kidogo kwa kukanyaga mafuta, ndo uachie handibreki. Likirudi nyuma rudia tena na tena mpaka lisirudi. Fanya na usiku, fanya na mvua ikinyesha, hakuna anayekulazimisha lakini Morogoro Road utakutana navyo vyote.

Mtu akikwambia toa hela leseni itakuja yenyewe, kataa. Mimi nataka mtihani uwe mgumu kuliko ulivyo sasa, hasa kwa wanaotaka daraja C wabebe abiria, tumezika watu wengi mno jamani.

Siku ya kutesitiwa na trafiki funga mkanda, cheki saitimira zote, washa indiketa kabla hujaondoka, na kwenye zebra simama hata kama mtu bado yuko pembeni anasubiri. Ukifaulu ndo unaenda TRA, mamlaka ya mapato, kulipia leseni.