Kufunga mita ya dijitali kwenye pikipiki ya zamani iliyobadilishwa

Kabla hujaenda Kariakoo kununua mita ya dijitali, tafuta chaki, futi kamba na maltimita. Chaki na futi ni za tairi, maltimita ni ya umeme. Kuifunga mita yenyewe ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Mita hizi hazijui zimefungwa kwenye pikipiki gani: zinahesabu mizunguko ya gurudumu, kisha zinazidisha kwa namba uliyoiingiza wewe. Ukiingiza namba isiyo sahihi zitakuonyesha spidi isiyo sahihi, tena kwa tarakimu safi zinazoshawishi.

Mimi ni fundi umeme wa pikipiki, Magomeni. Ninaoletewa zaidi ni Honda XL na Yamaha DT za zamani, leo zimekatwa mkia, zimewekewa hendo fupi na siti bapa, na mara nyingi gurudumu la mbele limetoka pikipiki nyingine kabisa. Nitaeleza kwa kutumia Honda XL125S ya mwalimu mmoja wa Kinondoni, kwa sababu ina mabadiliko yote yanayosumbua watu.

Tairi la mbele la XL kutoka kiwandani ni 2.75-21, yaani rimu ya inchi 21. Mwalimu amefungiwa gurudumu la mbele la Boxer, 2.75-17. Kwa hesabu, tairi la kwanza likizunguka mara moja linatembea kama milimita 2,114, la pili kama milimita 1,795. Mita inayodhani bado ina inchi 21 itaandika 60 wakati pikipiki inakwenda 51. Kilomita 1,000 kwenye kioo ni kama 849 tu za barabarani, kwa hiyo hata ratiba ya kubadilisha oili inaharibika. Kinyume chake ni hatari zaidi: mita ya tairi dogo ikipelekwa kwenye gurudumu la inchi 21, utasoma 50 huku unakwenda 59. Sheria ya Usalama Barabarani imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Trafiki akikupiga tochi ya kupimia spidi, tochi hiyo haitasoma mita yako.

Hesabu ya kwenye karatasi inatosha kuanzia tu. Kipimo halisi kinachukuliwa sakafuni. Jaza upepo kiasi unachotembea nacho kila siku. Weka alama ya chaki kwenye tairi, pale linapogusa sakafu, na nyingine sakafuni papo hapo. Kaa juu ya pikipiki, maana uzito wako unabonyeza tairi, kisha mwenzako akusukume polepole na kwa mstari ulionyooka mpaka alama ya tairi irudi chini mara tatu. Pima umbali wote, gawa kwa tatu. Kwa mwalimu tulipata milimita 1,770. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia. Tairi likibadilishwa aina, pima upya.

Sasa umeme, na hapa ndipo mita nyingi zinapofia. Mita nyingi za dijitali zinataka umeme wa betri wa volti 12, na pikipiki nyingi ndogo za miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 zilitengenezwa kwa volti 6. Usiamini betri iliyopo, kwa sababu betri zinabadilishwa na mtu yeyote. Angalia maandishi kwenye balbu, kisha pima. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima ya volti 12 inasoma karibu 12.6. Washa, vuta moto wa kati, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikipita 15, simama hapo hapo: regyuleta, yaani kidhibiti cha chaji, ni mbovu, na mita utakayofunga leo itakufa. Isipopanda kabisa, mfumo wa chaji haufanyi kazi, na hilo lishughulikie kwanza. Kama pikipiki kweli ni ya volti 6 na hutaki kubadilisha mfumo mzima, kuna vifaa vidogo vya kupandisha volti kutoka 6 hadi 12. Mita haili umeme mwingi, kwa hiyo kifaa kidogo kinatosha, mradi kilishwe na betri nzima.

Kijana mmoja wa bodaboda aliwahi kuniuliza, "Fundi, si uunganishe tu kwenye waya wa taa kubwa? Uko karibu." Nikamwambia, "Hapana, mdogo wangu." Kwenye pikipiki nyingi za zamani taa kubwa hailishwi na betri. Inalishwa moja kwa moja na koili za chaji, na umeme ule unabadilika mwelekeo na kupanda na kushuka kadiri unavyovuta moto. Mita ikiunganishwa pale itapepesa, itajizima, kisha itaungua. Ukitaka kuhakikisha, weka maltimita kwenye kipimo cha umeme wa kubadilika, pima waya wa taa injini ikiwaka. Ukiona volti kadhaa, hapo si mahali pa mita.

Mita huja na nyaya mbili za umeme: moja inataka betri muda wote, kwa ajili ya saa na kumbukumbu, nyingine inataka umeme unaokuja ukifungua funguo. Rangi za nyaya za mita zinatofautiana, fuata karatasi yake. Rangi za pikipiki zina utaratibu. Kwenye Honda, nyekundu ni betri, nyeusi ni umeme wa funguo, kijani ni ethi (waya wa hasi, unaorudi kwenye bodi), rangi ya machungwa ni indiketa ya kushoto, bluu ya mawingu ni ya kulia, bluu iliyokolea ni taa ya fulu, na kijani hafifu chenye mstari mwekundu ni nyutro. Kwenye Yamaha mambo yanageuka: nyeusi ndiyo ethi, kahawia ndiyo umeme wa funguo. Suzuki hutumia rangi ya machungwa kwa umeme wa funguo, na nyeusi yenye mstari mweupe kwa ethi. Waya mweusi peke yake umeunguza mita nyingi mjini hapa, kwa watu waliohama kutoka Honda kwenda Yamaha bila kupima. Na kwa kuwa pikipiki hizi zimepita mikono mingi, hata rangi sahihi ipime kabla ya kuikata. Weka fyuzi ndogo kwenye kila waya unaotoka betri, karibu na betri kabisa.

Indiketa zina jambo moja. Pikipiki za zamani zilikuwa na taa moja tu ya indiketa kwenye dashibodi, imeungwa katikati ya kushoto na kulia, umeme wake ukirudi kupitia balbu za upande wa pili. Mita yako ikiwa na mishale miwili, kila mmoja upeleke upande wake, basi. Ikiwa na taa moja, nunua dayodi mbili (vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) aina ya 1N4007 kwa mafundi redio. Moja itoke waya wa kushoto, nyingine wa kulia, pande zenye mstari zikutane na kuingia kwenye mita. Bila dayodi hizo indiketa zote nne zitawaka kwa pamoja. Nyutro ya Honda inafanya kazi kwa kugusa ethi, kwa hiyo hakikisha waya wa nyutro wa mita nao unasubiri ethi na si umeme. Waya wa mafuta, kama tangi lako halina kipimo ndani, ufunike ncha na uuache.

Tuje kwenye sensa, kifaa kinachohesabu mizunguko kila sumaku iliyobandikwa kwenye gurudumu inapopita mbele yake. Ya nyaya mbili kwa kawaida ni swichi ndogo inayofungwa na sumaku. Ya nyaya tatu ni ya kielektroniki, inahitaji umeme, ethi na waya wa ishara. Sensa ya kielektroniki huchagua uso wa sumaku: ikikataa kusoma, geuza sumaku kabla hujailaumu mita. Funga sensa kwenye mguu wa chini wa shokapu, ule unaopanda na kushuka pamoja na gurudumu. Ukiifunga juu, kila shimo litaiondoa mbele ya sumaku. Nafasi kati ya sensa na sumaku iwe milimita 2 hadi 4, kisha zungusha gurudumu kwa mkono, ukilisukuma kushoto na kulia, uone kwamba hazigusani.

Sumaku moja inatosha kwa barabara kuu, lakini Dar es Salaam tunatembea kwenye foleni. Kwa gurudumu la mwalimu, kwenye kilomita 10 kwa saa sumaku moja inapita mbele ya sensa kama mara moja na nusu tu kwa sekunde, na namba inarukaruka. Ndiyo maana napenda kuweka sumaku tatu, kwa umbali ulio sawa, kwenye vichwa vya boliti za diski. Zishike kwa gundi ya epoksi baada ya kusugua kutu na kufuta grisi. Kisha iambie mita kuwa sumaku ni tatu. Kama haina sehemu ya kuingiza idadi ya sumaku, gawa mzunguko kwa tatu: 1,770 inakuwa 590.

Waya wa sensa upitishe sambamba na mpira wa breki, uache ulegevu wa kutosha shokapu ikifunguka yote, na uuweke mbali na waya wa plagi. Pikipiki za zamani nyingi zina kofia ya plagi isiyo na ukinzani, na cheche zake zinaingia kwenye mita kama kelele: spidi inaruka hadi 140 umesimama. Weka kofia yenye ukinzani wa ohmu 5,000. Ni kitu cha bei ndogo na kinatibu ugonjwa huo mara nyingi kuliko kubadilisha mita. Waya wa mizunguko ya injini nao uzungushe mara chache juu ya waya wa plagi, bila kuchuna. Usiuunge moja kwa moja kwenye koili ya mfumo wa CDI (wa kielektroniki wa kuchochea plagi) kama karatasi ya mita haisemi hivyo, kwa sababu pale kuna volti mia mbili na zaidi. Ukiona mizunguko mara mbili au nusu ya kawaida, badilisha idadi ya mapigo kwenye mipangilio.

Viungo vya nyaya vilehemu na uvifunike kwa mrija unaosinyaa kwa moto. Kusokota na kufunga utepe mweusi hakufai mji huu. Hewa ya chumvi ya Coco Beach na Kigamboni inageuza shaba kuwa kijani, na masika yakifika, maji ya Jangwani hayaulizi. Nyaya zote ziiname chini kabla ya kupanda kuingia kwenye mita, ili maji yadondoke pale kwenye pindo. Mita yenyewe ikae kwenye bati la alumini la milimita 3, na wosha za mpira chini yake, kwa maana injini ya silinda moja inatetema sana. Kaa kwenye siti saa saba mchana, uilaze mpaka uisome bila jua kukupiga. Pinda hendo mpaka mwisho pande zote mbili: waya wowote ukivutika, rudia njia yake.

Kisha jaribu. Mimi huenda Barabara ya Bagamoyo, baada ya Bunju, Jumapili alfajiri. Simu yenye GPS iwe imefungwa imara kwenye hendo au mkononi mwa abiria, nawe macho barabarani. Shika 50 ya mita bila kubadilisha moto, abiria asome simu. Marekebisho ni haya: zidisha namba ya mzunguko kwa spidi ya simu, gawa kwa spidi ya mita. Mita ikisema 50 na simu 51, 1,770 inakuwa 1,805. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa haikubali mita ionyeshe chini ya spidi halisi, nami naifuata: ikinibidi kuchagua, naongeza milimita chache juu.

Kabla hujaifungua mita ya zamani, piga picha namba ya kilomita zake na uandike kwenye daftari la pikipiki, pamoja na tarehe. Mita nyingi mpya zinaanzia sifuri, na siku ya kuuza, au ya kukagua cheni na oili, utahitaji kuzijumlisha.