Ukisikia Amhrán na bhFiann imeanza: jinsi ya kusimama, kuimba au kunyamaza ukiwa na Waairishi

Kabla sijaelekeza chochote naomba uelewe kitu kimoja, Waairishi, yani watu wa Ayalandi, wanaupenda wimbo wao wa taifa, huu Amhrán na bhFiann, ila wengi wao wanaona aibu kuuimba mbele za watu. Sio aibu ya kuuona mbaya, hapana, ni ile aibu ya mtu anayejua kwamba maneno hajayashika vizuri na pia hapendi kuonekana anajionyesha. Ukilishika hilo hutamshangaa jirani yako uwanjani anapochezesha midomo bila sauti, na wala hutamwona hana uzalendo, maana huyohuyo dakika kumi baadae atakuwa analia kwasababu timu ya kaunti yake imefungwa kwa pointi moja.

Nimeishi nao miaka kadhaa na nimekosea mara nyingi, kwahiyo naandika ili wewe mgeni usipite nilipopita.

Kwanza ujue wimbo wenyewe umetoka wapi, maana ndo chanzo cha hizo hisia zote. Maneno aliyaandika Peadar Kearney wa Dublin, fundi wa kupaka nyumba rangi, mwaka 1907 hivi, na aliyaandika kwa Kiingereza. Muziki alisaidiana na rafiki yake Patrick Heeney ambaye alifariki 1911 hata haujachapishwa, ukaja kutoka kwenye gazeti la Irish Freedom mwaka 1912. Kwenye mapinduzi ya Pasaka 1916 waasi waliopinga utawala wa Uingereza waliuimba ndani ya jengo la Posta Kuu pale Dublin, Kearney mwenyewe alikuwa mpiganaji kwenye kiwanda cha biskuti cha Jacob's, alafu waliokamatwa wakapelekwa kambi ya Frongoch kule Wales na huko nako wakaendelea kuuimba. Liam Ó Rinn akautafsiri kwa Kiairishi, tafsiri ikachapishwa 1923, na mwaka 1926 serikali ikaufanya wimbo wa taifa, kiitikio peke yake bila beti. Kwahiyo hiki wanachokiimba leo ni tafsiri ya wimbo wa Kiingereza, na jina lake maana yake ni wimbo wa askari, na ndani mna bunduki na risasi zinalia.

Hapo kwenye bunduki ndo watu wanagawanyika. Kuna anayekwambia hizo bunduki ndo zilizoleta nchi, aache kuziimba kwa nini, na kuna mwingine aliyekua wakati wa machafuko ya Ayalandi ya Kaskazini, ile sehemu ya kisiwa iliyobaki chini ya Uingereza, toka mwishoni mwa miaka ya 60 mpaka makubaliano ya 1998, watu kama 3,500 waliuawa, huyo akisikia wimbo wa risasi roho yake haitulii hata kama anasimama na kofia mkononi. Wote wawili unaweza kuwakuta meza moja na ni ndugu wa damu. Usijaribu kuwaamulia, kaa usikilize tu.

Sasa kujifunza. Usianze na karatasi, utachanganyikiwa, maandishi ya Kiairishi hayasomeki kama yalivyoandikwa. Anza na sikio. Sikiliza kiitikio mara tano au sita ukiwa unafanya kazi zako, alafu ndo uangalie maneno. Jina lenyewe, Amhrán na bhFiann, linatamkwa "auran na vian", hiyo "bhF" inakuwa V. Mstari wa kwanza, Sinne Fianna Fáil, tamka "shinye fiana foil". Wa mwisho, Seo libh canaig' Amhrán na bhFiann, tamka "sho liv kanig auran na vian". Ukiishika hiyo miwili, wa kufungulia na wa kufungia, umeshawafikia Waairishi wengi tu, na hapa sisemi kwa kuwadharau, shuleni wote wamefundishwa Kiairishi ila lugha haikai mdomoni kama huiongei. Sensa ya 2022 watu milioni 1.87 walisema wanaweza kuongea Kiairishi, karibu 40%, lakini wanaokiongea kila siku nje ya masomo hawakufika 72,000. Wengi wimbo wameushika kama sauti toka wakiwa watoto, katikati wanavuma, mwishoni wanarudi kwa nguvu. Ukivuma pale katikati na wewe hakuna atakayekushangaa, mwenzako pembeni anafanya hivyohivyo.

Kwenye huo mstari wa kwanza utasikia wengine wanaimba "Laochra Fáil" badala ya "Fianna Fáil". Sio kwamba wamekosea. Mwaka huohuo wa 1926 ilianzishwa chama cha siasa kinachoitwa Fianna Fáil, na kuna watu wasioweza kusimama hadharani waimbe kitu kinachofanana na jina la chama wasichokipenda. Wimbo umekitangulia chama lakini ndo hivyo. Wewe mgeni imba "Fianna", ndo maneno yaliyozoeleka.

Haya twende uwanjani. Kwenye mechi za GAA, yani michezo ya jadi yao, mpira wa Kigaeli na hurling ya kupiga mpira kwa fimbo, wimbo ni sehemu ya siku yenyewe. Croke Park, uwanja wao mkuu pale Dublin, inaingiza watu 82,300, na siku ya fainali bendi inatangulia timu zinazunguka nyuma yake kwa gwaride, alafu wote wanageukia bendera, wachezaji wa hurling wanavua helmeti. Wewe simama, vua kofia, simu mfukoni, mikono chini pembeni. Usiweke mkono kifuani, sio desturi yao, utaonekana umetoka Marekani.

Alafu ujiandae kwa kitu ambacho mimi kilinishtua sana siku ya kwanza: wimbo haumaliziki. Ikifika mstari wa mwisho uwanja mzima unalipuka, makelele, filimbi, bendera za kaunti, wachezaji wanakimbilia nafasi zao, na ule mstari unamezwa kabisa. Nilidhani ni utovu wa adabu, nikakasirika kabisa moyoni. Lakini pembeni yangu kulikuwa na mzee na mjukuu wake, mkono wake uko begani kwa mtoto, watu wote wanapiga kelele yeye anaendelea kuimba taratibu mpaka neno la mwisho kabisa, na mtoto anamwangalia mdomo anafuatisha. Ndo nikajua wapo wa aina zote mbili. Ile kelele ni mechi imewapanda kichwani, hawajaudharau wimbo, ila wazee wengi inawauma na wanalisema kila mwaka. Mimi nilichagua upande wa yule mzee. Naimba mpaka mwisho hata kama hakuna anayenisikia, na nakushauri na wewe ufanye hivyo, hakuna aliyewahi kunikwaza kwa hilo.

Raga sasa ni habari nyingine na hapa wageni wengi ndo wanapoharibu. Timu ya raga ni ya kisiwa kizima, kaunti zote 32, kuna wachezaji wametoka familia za Kaskazini zinazojihesabu kuwa Waingereza, na Amhrán na bhFiann sio wimbo wao. Kombe la dunia la 1987 waliona tabu wapige wimbo gani mpaka ikapigwa The Rose of Tralee kutoka kwenye rekodi, watu hawakufurahi hata kidogo. Mwaka 1995 chama cha raga kikamwomba Phil Coulter, mtunzi wa nyimbo kutoka Derry huko Kaskazini, atunge wimbo utakaowachukua wote, ndo Ireland's Call. Kwahiyo fuata hivi: mechi ikiwa Dublin zinapigwa zote mbili, Amhrán na bhFiann alafu Ireland's Call, ikiwa ugenini ni Ireland's Call peke yake. Usianze kupiga kelele baada ya wa kwanza ukidhani wameshamaliza. Na ukiona mchezaji kafunga mdomo kwenye wa kwanza alafu anaimba wa pili kwa nguvu zake zote, usimnyooshee kidole wala usimuulize jirani yako "vipi huyu", amesimama kwa heshima na wenzake wanajua kwa nini kanyamaza. Wapo pia mashabiki wa Kusini wanaokwambia wazi kwamba Ireland's Call haiwagusi, ni wimbo wa kubuni, waimbiwe wao wa kweli. Binafsi naona kama wimbo unawafanya watu kumi na tano wasimame mstari mmoja bila mmoja wao kuumia basi umefanya kazi yake, ila hilo ni langu.

Kuna siku moja lazima uijue ili uelewe raga na wimbo vinagusana vipi. Tarehe 24 Februari 2007 timu ya raga ya Uingereza ilikuja kucheza Croke Park kwasababu Lansdowne Road, uwanja wa raga wa Dublin, ilikuwa inajengwa upya. Croke Park hiyohiyo ambayo tarehe 21 Novemba 1920 vikosi vya Uingereza vilifyatua risasi kwenye mechi na watu 14 wakafa. Alafu leo God Save the Queen ipigwe palepale. Nchi nzima ilikuwa inajiuliza kama watu watazomea. Hawakuzomea. Walisimama kimya mpaka mwisho, na ilipokuja zamu ya Amhrán na bhFiann sauti iliyotoka pale wachezaji wenyewe walishindwa kujizuia, John Hayes na Jerry Flannery walionekana wanalia, alafu wakaenda kushinda 43 kwa 13. Ukiongea na mtu aliyekuwepo siku ile atakuelezea kile kimya kwanza kabla ya kuimba. Kwahiyo wimbo wa wageni ukipigwa nyamaza, simama wima, usichat. Kimya kile Waairishi wanajivunia kuliko sauti yao wenyewe.

Soka ni rahisi zaidi, ni Amhrán na bhFiann tu. Enzi za kocha Jack Charlton, toka 1986 mpaka 1995, wachezaji wengi walikuwa wamezaliwa Uingereza na mababu ndo wa Ayalandi, kwahiyo wengi hawakukua na wimbo huu.

Baa na harusi. Zamani televisheni ya RTÉ ilikuwa inafunga matangazo ya usiku kwa wimbo huu, na disko nazo vilevile, taa zinawashwa, wote wanasimama jasho likiwatoka, unapigwa, mnaenda nyumbani. Sasahivi imepungua ila sehemu za vijijini bendi bado inaweza kufunga usiku nao. Utaona mtu aliyekuwa anacheka sekunde mbili zilizopita kaweka glasi chini na kasimama kama mlingoti. Simama na wewe. Hapa sauti zinatoka kuliko uwanjani, pombe imeondoa ile aibu. Kitu ambacho usifanye ni kuuanzisha wewe mwenyewe baa. Mgeni kuuanzisha, tena baa ambayo hujui nani kakaa humo, unaweza ukawa umewaingiza watu kwenye siasa usiyoijua. Subiri wenyewe.

Kaskazini zidisha tahadhari mara mbili. Kwenye uwanja wa GAA wa kaunti ya Tyrone au Armagh au mtaa wa watu wanaojihesabu Waairishi huko Belfast, utausikia unaimbwa kwa nguvu kuliko hata Dublin, kwasababu kwao kuuimba ni kusema sisi ni nani. Vuka mtaa mmoja na wimbo huohuo unasikika kama tishio. Usiupige mluzi barabarani, na usiuweke kuwa mlio wa simu, nasema hili kwa moyo mmoja kabisa.

Kitu kidogo ila kinawaumbua wengi: rais akifika mahali inapigwa saluti ya rais, ambayo ni vipande vya mwanzo na vya mwisho vya wimbo uleule vimeunganishwa. Ni sekunde chache. Usianze kuimba, utabaki peke yako. Simama tu.

Na sheria je? Hakuna sheria ya kukulazimisha uimbe. Mwaka 2018 kamati ya Seneti iliandika ripoti nzima kuhusu heshima na matumizi ya wimbo huu, lakini uwanjani watu wanachunguzana kwa macho tu, na hayo macho yanatosha.

Nimalizie na wale mnaosubiri uraia, maana nyie ndo nilikuwa nawafikiria toka mwanzo. Umeshalipa euro 175 za maombi na 950 za cheti, umesubiri barua, umeingia ukumbini Killarney au Dublin na suti yako, umetamka kiapo cha uaminifu kwa taifa, alafu bendi inaanza. Pale watu wa kila nchi wanasimama na wengi wanatoa simu warekodi. Usirekodi. Mwachie simu uliyekuja naye. Wiki moja kabla fanya mazoezi kila asubuhi, kiitikio ni cha dakika moja tu, anza na mstari wa kwanza na wa mwisho, alafu ongeza mmoja kila siku. Siku yenyewe tazama bendera, mikono pembeni, toa sauti yako. Ukikwama katikati vuma, usiangalie chini, subiri pale panapopanda "sho liv kanig", ingia na wote, na safari hii hakuna mechi inayosubiri kuanza kwahiyo mtaumaliza wote mpaka neno la mwisho.